Picha Mbili za Wizara Moja

Mwezi uliopita ilifika hapa Rungwa picha fupi ya sinema. Haikuja kwa gari na kitambaa cheupe, kama ilivyokuwa desturi ya zamani, bali ilikuja katika simu ya kijana mmoja aliyetoka mjini. Urefu wake ni dakika tatu tu. Ilionyesha wasichana waliovaa makoti ya rangi moja, wameketi safu kwa safu mbele ya vyerehani, wakishona nguo na kutabasamu. Kisha yakafuata maneno ya kuwaalika wasichana wengine waje, ya kwamba kazi ipo. Katika watazamaji alikuwamo binti niliyemfundisha miaka michache iliyopita. Aliitazama mara nne. Jioni mama yake akaja kwangu, akapiga hodi, na baada ya salamu akaniuliza, "Mwalimu, umeiona ile picha?" Nikamjibu kwamba nimeiona. Akasema, "Basi niambie, hao watoto wanalala wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliitazama picha ile mara ya pili kwa ajili ya swali lake, nikaona kwamba hakuna kitanda, hakuna chakula, hakuna siku ya mshahara, wala hakuna saa ya kutoka kazini. Mlikuwamo vyerehani na tabasamu basi. Ndipo nilipofikiri kwamba swali la mama huyu ni kipimo chema cha kuhukumia picha zote za namna hii, na kwamba ingefaa nikipime kwanza juu ya zile zilizotengenezwa na mafundi hodari. Maana kumwita mwanamke kiwandani kwa sinema si jambo la leo. Serikali ya Uingereza ilifanya hivyo katika Vita Kuu ya Pili, na kwa msaada wa rafiki yangu aliyeko Singida nimepata kuzitazama baadhi ya picha hizo katika kompyuta yake.

Kwanza wasomaji wakumbuke hali ilivyokuwa. Mwezi wa Desemba 1941 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwaita kazini wanawake wasioolewa, kuanzia wale wenye umri wa miaka 20 hata 30. Mwanamke aliyeitwa aliweza kuingia katika vikosi vya kusaidia majeshi, au katika ulinzi wa miji, au katika kazi za viwanda. Wengi walitamani vikosi, kwa kuwa mna sare nzuri na sifa. Kiwanda hakikuwa na sifa. Kilikuwa na kelele, mafuta ya mashini, na kazi ya usiku. Kwa hiyo Waziri wa Kazi, Ernest Bevin, alihitaji wanawake, na Wizara ya Habari ikahitaji picha za kuwavuta.

Picha fupi zilitengenezwa kwa wingi. Mwaka 1942 ilitoka moja iitwayo Jane Brown Changes Her Job, yaani Jane Brown abadili kazi yake, habari ya karani wa kupiga taipu anayeiacha meza yake, akajifunza kazi ya kutengeneza ndege. Mwaka huohuo ikatoka Night Shift, yaani zamu ya usiku, iliyopigwa katika kiwanda cha mizinga, ikawaonyesha wanawake kazini mpaka alfajiri, na saa ya kupumzika wakila na kuimba pamoja. Picha hizi zina fadhila moja kubwa: zinaiheshimu kazi yenyewe. Mtazamaji anaona mkono ukishika chuma, anaona kosa na namna ya kulisahihisha. Yule karani hakuzaliwa na ujuzi wa mashini. Anafundishwa, naye anaelewa. Hilo ni fundisho la kweli, nami kama mwalimu nalipenda.

Lakini picha iliyo bora kuliko zote katika jambo hili ni hadithi ndefu iitwayo Millions Like Us, yaani mamilioni kama sisi, ya mwaka 1943. Waliitunga na kuiongoza mabwana wawili, Frank Launder na Sidney Gilliat, nayo ilitokana na haja ya Wizara ya Habari. Msichana wake ni Celia, ambaye mchezaji wake ni Patricia Roc. Celia ni binti wa mwisho anayemtunza baba yake mjane. Wito unapomfikia, baba ananung'unika: atakayempikia ni nani? Celia mwenyewe anaota ndoto za mchana, akijiona amevaa sare hii na ile, kila mahali akipendwa na kusifiwa. Kisha anaingia katika ofisi ya kazi, na bibi aliye mezani anamwambia kwa upole kwamba panapohitajika mtu ni kiwandani. Uso wa Celia unashuka.

Hapa ndipo nilipoipenda picha hii. Mtu aliyeagizwa kusifu viwanda angeweza kumfanya msichana aruke kwa furaha. Watunzi hawa hawakufanya hivyo. Walikubali kwamba kiwanda si ndoto ya mtu, na kwamba msichana anaweza kusikitika na bado akaenda. Mtazamaji aliyekuwa na huzuni kama ile alijiona mwenyewe katika kitambaa, akaamini. Tena, swali la mama wa Rungwa linajibiwa humo waziwazi: tunaiona hosteli ya wafanyakazi wa kike, tunakiona chumba anachogawana na Gwen, msichana kutoka Wales, tunawaona wakila, wakicheza dansi, wakifuliza zamu zao. Baadaye Celia anampenda Fred, askari wa ndege mwenye asili ya Scotland, wanaoana, na muda si mrefu Fred anauawa katika safari ya kuishambulia Ujerumani. Mwisho wa picha tunamwona Celia katika bwalo la kiwanda, wenzake wanaimba wimbo wa mzaha juu ya bibi arusi aliyeachwa kanisani, na juu ya paa ndege zinapita kwenda vitani. Polepole anaanza kuimba pamoja nao. Sijaona picha nyingi zinazosema mengi hivyo kwa maneno machache.

Walakini sifa hizi zisitufumbe macho. Yako mambo mawili ambayo picha hii inayagusa kidogo tu kisha inayaacha.

La kwanza ni ujira. Hadithi inaendeshwa na mapenzi, msiba na wajibu. Mshahara si jambo linalomsumbua Celia. Nje ya sinema ulikuwa ukiwasumbua wenzake sana. Mwaka huohuo wa 1943, mwezi wa Oktoba, wanawake wa kiwanda cha mashini za ndege cha Rolls-Royce huko Hillington, karibu na Glasgow, waligoma pamoja na wanaume wengi waliowaunga mkono, kwa sababu wanawake walilipwa kidogo kwa kazi ile ile ya wanaume. Hawakuwa wavivu wala wasaliti wa nchi yao. Walikuwa wameitwa kwa jina la wajibu, wakauliza habari ya haki. Ilipita miaka mingi hata sheria ya malipo sawa ikapitishwa Uingereza, mwaka 1970.

La pili ni kesho yake. Katika picha yumo bibi wa ukoo wa kitajiri, Jennifer, na msimamizi wa karakana, Charlie, mtu wa watu wa kawaida. Wanapendana, lakini Charlie anakataa kumwoa kwanza. Anasema kwa maana hii, kwamba sasa hatari imewaweka pamoja, lakini nani ajuaye kama baada ya vita kila mtu hatarudi mahali pake? Ni neno la ushujaa kusemwa katika picha ya serikali vita vikiwa bado vinapiganwa. Lakini linasemwa juu ya matajiri na maskini tu. Juu ya wanawake na wanaume halisemwi. Celia ataachiwa mashini yake, au ataambiwa arudi jikoni kwa baba? Picha inakwisha kwa wimbo, na swali linabaki bila mwulizaji. Twajua jibu lilivyokuja: amani iliporudi, wengi waliachishwa au waliondoka, na shule nyingi za kulelea watoto wadogo zilizofunguliwa kwa ajili ya mama wafanyao kazi zikafungwa.

Sasa naomba msomaji anifuate kutoka Uingereza kuja kwetu, maana Wizara ile ile ya Habari ilikuwa na picha nyingine kwa macho mengine.

Sinema ya mafundisho haikuanza kwetu wakati wa vita. Tangu mwaka 1935 hata 1937 huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Meja Notcutt na Bwana Latham walifanya majaribio ya kutengeneza picha kwa ajili ya Waafrika, kwa fedha zilizotoka hasa katika mfuko wa Carnegie wa Marekani. Walitengeneza picha 35, za kilimo, afya, kuweka akiba posta, na hadithi za wanyama, wakazizungusha kwa lori katika Tanganyika na nchi jirani. Vita vilipoanza mwaka 1939, Wizara ya Habari ikaunda idara ya sinema kwa makoloni, chini ya Bwana William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya Nigeria na kuonyesha picha huko. Picha zake zilipelekwa kwa magari yenye mashini, na kwa kuwa nyingi hazikuwa na sauti, mtu wa mahali pale alisimama na kuzieleza kwa lugha ya wenyeji.

Mojawapo ya picha za mwanzo za idara hiyo, ya mwaka 1940, inaitwa Mr. English at Home. Inaeleza siku moja ya nyumba ya fundi seremala Mwingereza. Asubuhi mama anaandaa chakula, watoto wananawa na kwenda shule, baba anakwenda kazini. Mama anabaki akisafisha, akinunua vitu, akimtunza mdogo. Jioni wote wanakutana, wanakula, wanapumzika, watoto wanalazwa. Hakuna mzozo, hakuna deni, hakuna vita. Kila mtu yupo mahali pake, na mahali pa mama ni nyumbani.

Sisemi kwamba picha hiyo ni mbaya. Ina usafi na upole, na mtu mzima anaweza kuitazama na watoto wake bila haya. Pia haki yatupasa kusema kwamba ilitengenezwa kabla ya sheria ya Desemba 1941. Lakini iliendelea kutembezwa katika Afrika wakati wanawake wa Uingereza walipokwisha kuitwa kwa maelfu katika viwanda vya mizinga na ndege. Basi tazama ajabu hii. Mwanamke wa Birmingham aliambiwa na Wizara, "Toka jikoni, nchi yakuhitaji." Mwanamke wa Afrika aliambiwa na Wizara ile ile, "Mtazame mwenzako Mwingereza, namna anavyokaa jikoni vizuri." Kila mmoja alionyeshwa picha ya mwanamke mwema, na picha hizo mbili hazikupatana.

Bwana Sellers alikuwa na sababu zake za ufundi. Alishika kwamba mtazamaji asiyezoea sinema apewe picha za polepole, jambo moja baada ya jingine, bila hila za kamera, ili asipotee. Mtu akianza kusoma humpi kitabu kigumu. Hilo mwalimu yeyote analijua. Lakini mwalimu anajua pia kwamba mwanafunzi hamalizi maisha yake katika kitabu cha kwanza. Celia aliruhusiwa kuota, kusikitika, kufiwa na kushangaa. Mtazamaji wa Kiafrika alipewa mfano wa kuiga tu. Kwa maoni yangu kosa kubwa zaidi ya mwendo wa polepole lilikuwa hili, kwamba picha haikumtazamia awe na swali.

Naye alikuwa na maswali mengi. Watu wa Tanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini katika vita vile, wengine wakafika Uhabeshi, Madagaska na Burma. Mwaka 1942, Wajapani walipokwisha kuzitwaa nchi za mashariki zilizotoa katani na mpira, mahitaji ya katani ya Tanganyika yakazidi sana, na wanaume wakalazimishwa kwa sheria kwenda mashambani mwa walowezi. Katika nchi hii ya Rungwa, iliyo njiani kutoka Itigi kwenda Chunya, wanaume walikuwa wamekwisha kuzoea tangu miaka ya 1930 kwenda kutafuta dhahabu Lupa. Waliobaki kulima ni akina nani? Ni mama na bibi zetu. Hao walikata miti, walilima, walitwanga, walichota maji, na mwaka 1943 mvua zilipokosekana na njaa ikaingia sehemu nyingi za Tanganyika, wao ndio walioitafutia jamaa mizizi na matunda ya mwituni. Ile nayo ilikuwa kazi ya vita, kwa kuwa askari hawezi kupigana kwa moyo akijua watoto wake wana njaa. Lakini katika picha hizi nilizozitaja hamna hata moja inayompigia mwanamke huyo saluti. Jembe lake halikuonekana kuwa mashini.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wazee walisema hivyo juu ya vyombo vya baharini, lakini neno hilo lafaa pia kwa sinema. Picha haiokotwi njiani. Yuko mtu aliyechagua kionyeshwe nini na kifichwe nini, naye ana haja yake. Mwaka 1980 Bibi Connie Field wa Marekani alitengeneza picha inayotufundisha kulitambua jambo hilo, iitwayo The Life and Times of Rosie the Riveter. Rosie ni jina la mfano, la mwanamke wa Marekani aliyefanya kazi za viwanda wakati wa vita. Bibi Field aliwatafuta wanawake watano waliofanya kazi hizo kweli, watatu kati yao weusi, akawaketisha wakasimulia. Katikati ya masimulizi aliweka vipande vya picha za habari na za serikali za miaka ile, zilizosema kwamba mashini ya kiwandani ni rahisi kama chombo cha jikoni. Msemaji wa zamani anasema kazi ni nyepesi na salama. Mara mwanamke mwenyewe anaeleza moto wa kuunganishia chuma, na ubaguzi wa rangi katika kugawa kazi. Msemaji anasema wanawake wanatamani kurudi nyumbani. Mara wanawake wanaeleza walivyotafuta kazi waliyoijua wakaikosa. Mmoja wao, Lola Weixel wa Brooklyn, alitamani baada ya vita kufua lango zuri la chuma la mapambo. Hakuipata kazi ya kumwezesha. Nilipomsikia nilikumbuka wanafunzi wangu wengi wenye mikono ya ufundi.

Ustadi wa Bibi Field ni wa haki. Hakuwatukana watu wa serikali, wala hakuwafanya wanawake wawe malaika. Aliweka tu maneno ya mwitaji kando ya maneno ya mwitwa, akamwachia mtazamaji kuamua. Tena wanawake wale hawajutii kazi. Walijivunia ujuzi wao, mshahara wao, na urafiki wa karakana. Wanacholalamikia ni kwamba waliitwa kwa ngoma wakaondolewa kimya.

Kwa hiyo, nikirudi kwenye picha ile ya dakika tatu, sitaki wasomaji wadhani kwamba nawakataza mabinti kwenda viwandani. Mwalimu aliyemfundisha msichana kusoma na kuhesabu, kisha akamwambia abaki, amejidanganya mwenyewe. Ninachotaka ni kwamba tujifunze kuzihukumu picha za wito kama tunavyohukumu kitabu. Maswali matatu yatosha. La kwanza: je, picha inaonyesha maisha ya mfanyakazi baada ya kengele ya kutoka, mahali anapolala, anachokula, na anayebaki na mtoto wake? La pili: je, inasema ujira na masharti, au inasema furaha tu? La tatu: je, mfanyakazi mwenyewe anasema kwa kinywa chake, au anatabasamu na mwingine anasema badala yake? Millions Like Us inalijibu la kwanza vizuri, la pili inalipitia mbali, na la tatu inalijibu kwa wachezaji hodari. Mr. English at Home haikudhani kwamba maswali yapo. Picha ya simu ya Rungwa haikujibu hata moja.

Nilimwita yule binti na mama yake, tukaketi chini ya mwembe wa shule. Nikawaeleza kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, yaagiza malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na yampa mama anayejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo. Nikamwambia binti aandike barua fupi ya kumwuliza yule aliyeleta picha: mshahara kiasi gani, kwa saa ngapi, na malazi yako wapi. Aliiandika palepale, kwa mwandiko mzuri, bila kosa la herufi hata moja. Mama yake akaichukua, akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Ongeza na hili, mwanangu: waulize kama nikija kukutembelea nitaruhusiwa kuingia."

Binti aliongeza. Barua ilikwenda na basi la asubuhi. Majibu yakija, yeye ndiye atakayeamua, lakini ataamua akiwa ameuliza.